Kofia Ambayo Haikuanguka

Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, kulipambazuka na mawingu mepesi na upepo mkali wa kusini, ingawa redio ya taifa ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba siku hiyo hakutakuwa na upepo wowote. Wananchi wakatoka majumbani wameshikilia kofia zao kwa mkono mmoja na nguo zao kwa mkono wa pili, wakaamkiana na kuambiana kwamba kweli, leo hewa imetulia.

Ilikuwa nchi ya namna hiyo. Jina lake tuliache, si kwa woga, Mungu apishe mbali, bali kwa heshima, maana yenyewe haipendi kutajwa. Mgeni anayefika leo katika mji wake mkuu huonyeshwa nyumba za ghorofa za zamani kando ya Barabara ya Mlezi, ambazo madirisha yake yamezibwa kwa matofali. Akiuliza sababu huambiwa kwamba wazee walikuwa wanakwepa joto. Akiuliza kwa nini juu ya matofali hayo kumechorwa watu, huambiwa ni sanaa. Akiuliza kwa nini watu hao wana tundu kwenye jicho, mwenyeji wake huangalia saa na kusema chakula kitapoa.

Katika mojawapo ya nyumba hizo, ghorofa ya kwanza, aliishi Zamoyoni, fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa dirishani, kwa sababu ya mwanga. Chini, barazani, alikaa mumewe Mbaruku, fundi wa miamvuli. Mbaruku alikuwa mtu mpole mwenye tabia moja tu ya kuudhi: hakuweza kuona kitu kimeanguka akakiacha. Kifungo, leso, kijiko, chenji ya mtu, yeye huinama, huokota, hufuta vumbi kwenye shati lake, kisha humkimbilia mwenyewe barabara nzima akiita, "Samahani, umedondosha!" Mkewe alimwonya mara nyingi.

"Ipo siku utaokota kitu kisichookoteka," alimwambia.

"Kitu gani hicho?"

"Nikijua nitakwambia."

Asubuhi hiyo msafara wa Mlezi Mkuu wa Taifa ulipita. Mlezi Mkuu alikuwa amesimama ndani ya gari la wazi, anapunga mkono. Upepo ambao haukuwapo ukaja, ukamvua kofia, ukaizungusha juu ya vichwa vya walinzi, ukaitupa mtaroni. Mbuzi mmoja akaisogelea, akainusa, akaghairi.

Msafara ukasimama. Katika kila dirisha palikuwa na kichwa, na kila kichwa kilikuwa kinatazama upara wa Mlezi Mkuu, ambao picha zote za taifa hazikuwahi kuuonyesha.

Zamoyoni alimwona mumewe akiinuka barazani. "Mbaruku," alisema kwa sauti ya chini, kama anayesali. "Mbaruku, kaa." Mbaruku alikwisha kuingia mtaroni. Aliokota, akakung'uta, akafuta kwenye shati lake, akaipeleka kwa mikono miwili.

"Samahani, Mheshimiwa. Umedondosha."

Askari mmoja aliipokea kofia kwa vidole viwili. Askari wengine walimpokea Mbaruku kwa mikono yote.

*

Saa sita mchana redio ilitangaza kwamba kofia haikuanguka.

Saa nane lilifika gari lenye kipaza sauti, na juu yake amesimama Bwana Senkondo, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Yaliyoonekana. Idara hii ilikuwa na kazi moja, kuamua nini kimeonekana nchini na nini hakikuonekana, na Bwana Senkondo alikuwa amekaimu nafasi yake muda mrefu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuonekana akimteua.

"Wananchi watukufu!" alinguruma. "Serikali yenu sikivu, yenye macho ya mbali na masikio ya karibu, inawathibitishieni kwamba kofia haikuanguka. Nawaomba wote walioiona isianguke wajitokeze, watoe ushahidi wao kwa uhuru na furaha!"

Wa kwanza kujitokeza alikuwa muuza mikate wa nyumba ya tatu, mtu aliyependa kuwapendeza wakubwa.

"Mheshimiwa, mimi niliiona kwa macho yangu. Haikuanguka kabisa."

"Vizuri sana, mzalendo. Haikuanguka wapi?"

"Pale mtaroni, Mheshimiwa."

Bwana Senkondo alimtazama kwa huzuni. "Mitaro iko mingi katika mji huu. Wewe umejuaje kwamba ni huo ambao kofia haikuanguka ndani yake?"

Muuza mikate alipandishwa garini.

Wa pili, jirani yake, alijifunza kutokana na hayo. "Mimi sikuona chochote," alisema haraka.

"Mlezi Mkuu anapita chini ya dirisha lako, nawe huoni chochote? Ulikuwa unatazama nini kilicho bora zaidi?"

Naye alipandishwa.

Hawakukamatwa. Katika nchi ile mtu hakukamatwa. Walipelekwa Nyumba ya Mapumziko ya Mashahidi, kwa maana ushahidi, kama alivyoeleza Bwana Senkondo, ni kama maziwa: ukiachwa nje huharibika. Huko ungehifadhiwa pamoja na wenyewe mpaka utakapohitajika.

Gari lilipofika kwa Bi Kidawa, mjane wa nyumba inayotazamana na ya Zamoyoni, mama huyo alitoa kichwa dirishani akasema ana chungu mekoni, waje kesho. Walipogeuka tu akamwita fundi mwashi. Kesho yake Bwana Senkondo alipanda ngazi mwenyewe, akakuta ukuta.

"Bi Kidawa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana hapa palikuwa na dirisha."

Bi Kidawa alimtazama kwa upendo, kama anavyotazamwa mtoto aliyekaribia moto. "Uliliona, mwanangu?"

Bwana Senkondo aliinua kidole kuelekea ukuta, akakishusha. Kama aliliona, basi yeye alikuwa shahidi wa dirisha, na mashahidi hupumzika mahali panapojulikana. Kama hakuliona, basi halikuwapo. Alifuta jasho, akaomba maji, akayanywa, akashuka ngazi bila kuaga.

Habari ile ilizunguka barabara kabla ya jua kuzama. Wiki haikwisha, matofali yakawa bidhaa ya kugombaniwa. Watu waliziba madirisha ya sebuleni, ya vyumbani, hata yale madogo ya chooni ambayo yalionyesha mbingu tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mbingu haitafanya jambo. Asiye na dirisha hakuona, wala hakukosa kuona. Alikuwa raia aliyekamilika.

*

Zamoyoni alikuwa wa mwisho. Alipika wali, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda Nyumba ya Mapumziko. Alizungumza na mumewe kupitia wavu wa dirisha dogo, ambalo kwa kweli, ukiacha la kwake, ndilo dirisha pekee lililobaki wazi katika mtaa ule, nalo lilitazama ndani.

"Wamekuuliza nini?"

"Wananiuliza nimeokota nini," alisema Mbaruku. "Nikisema kofia, wanasema kofia haikuanguka. Nikasema basi labda niliokota jani. Wakaniuliza la mti gani, maana miti yote ya barabara ile Serikali ilikwisha kuikata ili kupendezesha. Sasa wanasema mtu hainami bure."

"Mimi nilikuona. Nitawaambia."

Mbaruku alishika wavu kwa vidole vyote. "Hukuniona, Zamoyoni. Ukiniona tutakuwa wawili humu, na huu wali nani ataleta? Nenda ukazibe dirisha."

"Nizibe dirisha, nishone wapi?"

"Hukuniona," alirudia, kisha akainama ghafla, akaokota punje za wali zilizodondoka, akazirudisha kwenye kitambaa.

Zamoyoni alirudi, akaliziba dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Kila tofali alililaza huku akisema "Mungu nisamehe," hata alipomaliza hakujua kama ameomba msamaha wa kuziba au wa kuona.

Kazi ikafa. Nani anahitaji pazia la ukuta? Lakini tatizo la Zamoyoni halikuwa tumbo peke yake. Ni miguu. Hakuweza kukaa. Aliketi kwenye cherehani isiyo na uzi wala kitambaa, akakanyaga pedeli, sindano ikapanda na kushuka katika hewa. Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. Alisikia nyayo barabarani, moyo ukamruka, akakimbilia dirishani akagonga paji la uso kwenye matofali. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka pale ukutani pakawa na doa la mafuta ya nywele. Kila nyayo zilizopita zilikuwa za Mbaruku mpaka zitakapopita, na yeye hakuwa na namna ya kujua.

Alisali, lakini hata sala zilikuwa za kusimama na kutembea. "Mungu wangu, wewe ambaye huna haja ya dirisha," alisema akizunguka meza, "niambie yuko salama. Kama huwezi kuniambia, basi nionyeshe. Kama huwezi kunionyesha, nipe miguu inayotulia."

Miguu haikutulia. Ikampeleka ofisini kwa Bwana Senkondo.

Bwana Senkondo alifunga mlango, akaziba na tundu la ufunguo kwa leso. Wakubwa wa nchi ile walikuwa na sababu ya kuogopa kusikika. Zamani kidogo Mlezi Mkuu alichoshwa na mawaziri wanaosema jambo asubuhi na kulikana jioni, akatoa amri: neno la ofisa likisikiwa na mashahidi kuanzia saba, neno hilo ni la Serikali, na ofisa atakayelivunja ataenda kupumzika yeye badala ya wengine. Tangu siku hiyo hakuna ofisa aliyesema neno mbele ya watu zaidi ya sita, isipokuwa kupitia kipaza sauti, ambacho kilihesabiwa kuwa hali ya hewa. Ndiyo maana matofali yale yaliwafurahisha. Sasa wangeweza kuongea hata barabarani.

"Mama, mumeo ni mgeni wetu," alisema Bwana Senkondo kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Akipatikana mtu mmoja tu aliyemwona akiokota kitu ambacho si kofia, anatoka leo leo."

"Nani aliyemwona, na madirisha yote yamezibwa?"

"Hilo ndilo linalotukwamisha."

"Na akipatikana mwenye dirisha?"

"Huyo itabidi tumhifadhi, maana atakuwa shahidi."

"Kwa hiyo hawezi kutoka."

"Sheria iko upande wake, mama. Ni mazingira tu."

"Lakini uniahidi basi—"

"Mimi?" Bwana Senkondo alitazama leso kwenye tundu la ufunguo. "Mimi sijasema kitu. Hata wewe hujaja."

*

Mambo yalikaa hivyo mpaka ilipojulikana kwamba anakuja Mgeni wa Heshima kutoka nchi za mbali, mtu mwenye miwani minene, kuja kuangalia kama wananchi wana uhuru wa kuangalia.

Mlezi Mkuu alipita Barabara ya Mlezi kukagua njia atakayopitishwa mgeni, akakuta pande zote mbili nyumba zimefumba macho. Alirudi Ikulu. Jioni amri ikatoka: kila nyumba iwe na madirisha. Wananchi waliposhika nyundo wabomoe, amri ya pili ikaifuata ya kwanza mbio: madirisha, ndiyo, lakini yasiwe ya kuonea. Yachorwe. Na ndani ya kila dirisha wachorwe wenye nyumba, wakitazama barabara kwa furaha.

Kazi alipewa Jongo, mchoraji wa vibao vya vinyozi, kijana wa maneno machache ambaye mpaka hapo alijulikana kwa kuchora mitindo ya nywele. Alifika kwa Zamoyoni na ngazi na makopo ya rangi, Bwana Senkondo nyuma yake.

"Nyumba hii wanaishi wangapi?" aliuliza Jongo.

"Wawili," alisema Bwana Senkondo.

"Mmoja," alisema Zamoyoni.

"Wawili," alirudia Bwana Senkondo. "Serikali haina habari kwamba kuna mtu hayupo. Mchore mume pia. Acheke."

Alipoondoka kwenda kukagua meno ya watu wa nyumba nyingine, maana meno yalikuwa yanachorwa machache mno, Jongo alikaa juu ya ngazi, brashi mkononi, akakuna kichwa.

"Dada, mimi simjui shemeji. Uso wake ukoje?"

"Mrefu. Si mrefu hivyo, huo ni wa farasi. Punguza."

"Pua?"

"Ya kawaida. Jongo, hiyo ni pua ya vinyozi! Mume wangu hajawahi kuwa na pua ya kujivuna namna hiyo."

"Haya, nimeikata. Masharubu?"

"Anayaanza kila mwaka halafu yanakataa."

"Nitayaweka kidogo ya kukataa. Macho?"

Zamoyoni alishika ngazi ikatikisika, na Jongo huko juu akashika ukuta.

"Macho ya mtu anayetafuta kitu kilichodondoka," alisema mwisho.

Jongo alichora. Alipomaliza, Zamoyoni wa rangi alikuwa amekaa kwenye cherehani, kichwa amekigeuza, anamtazama mumewe. Mbaruku wa rangi alikuwa na mwamvuli kwapani, anatazama chini barabarani, karibu acheke, karibu ainame. Zamoyoni wa kweli alisimama chini akatazama mpaka Jongo alipokusanya makopo yake na kuondoka polepole, bila kuomba maji.

Siku zilizofuata miguu ilimzidi. Nje mumewe alikuwa nyumbani, barabara nzima inamwona, ndani hayupo. Asubuhi moja king'ora cha kiwanda kilipolia, akachukua waya wa mwamvuli, ule mnene wa katikati, na nyundo ya Mbaruku, akapima kutoka doa la nywele zake, akaanza kutoboa. Aligonga king'ora kikilia, akaacha kikinyamaza, akarudia kilipolia jioni, na siku ya pili, na siku ya tatu, na kila pigo lilikuwa na sala yake fupi ambayo haikupita neno moja, "Nionyeshe."

Uso wake mwenyewe wa rangi ulikuwa umegeukia pembeni, kwa hiyo palikuwa na mahali pamoja tu pa kutokea. Waya ulitoka kwenye jicho la kulia la Mbaruku, katikati, pale Jongo alipopaka rangi nyeusi.

Aliweka jicho lake. Mwanga ulimchoma mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaiona barabara: mtaro, baraza, mbuzi yule yule. Aliitazama dunia kwa jicho la mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu Juni, miguu yake ilitulia.

Ng'ambo, Bi Kidawa wa rangi alikuwa anamtazama kwa tabasamu la meno mengi. Jicho lake la kushoto lilimetameta. "Rangi haijakauka," alijisemea Zamoyoni, akashangaa kidogo, kwa kuwa Jongo alipita upande ule kabla ya wake.

*

Siku ya Mgeni wa Heshima, Jumatano nyingine, wananchi wote waliamriwa kukaa ndani, ili wasije wakaharibu picha zao. Barabara ilifagiliwa, mbuzi akafichwa. Bwana Senkondo alitangulia, amevaa suti nyeusi na tai ya rangi za taifa, akasimama peke yake katikati ya barabara kufanya zoezi la hotuba.

"Mheshimiwa Mgeni," aliyaambia majengo, "kama unavyoona, tunaona!"

Alitikisa kichwa, akajaribu tena kwa mkono kifuani. Aliposhusha mkono, Zamoyoni alikuwa amesimama mbele yake na mwamvuli wa mumewe, ingawa redio ilikuwa imesema jua halitawaka.

"Wewe! Rudi ndani. Wewe uko pale juu tayari!"

"Yule juu ni mkimya, Mheshimiwa. Mimi nimekuja kuongea."

"Mama, mgeni yuko kona ya tatu! Sikia ving'ora!"

"Nasikia. Ndiyo maana nimekuja sasa hivi." Alikaa chini katikati ya barabara, akafungua mwamvuli, akaurekebisha upate kumkinga vizuri. "Nitamsubiri hapa. Nitamwonyesha yule bwana wa dirishani, nimwambie yuko wapi. Ana miwani minene, ataona."

"Nitaita askari!"

"Waite. Nitapiga kelele. Mgeni akifika atakuta askari wanne wamebeba mwanamke, na mwanamke yule yule amekaa dirishani anacheka. Utamweleza."

Bwana Senkondo alitazama kona. Akatazama saa. Akachuchumaa mpaka suti ikalia kwenye mshono, na Zamoyoni, kwa mazoea ya kazi, akatazama mshono.

"Ijumaa," alinong'ona. "Nitamtoa Ijumaa. Haya, inuka, dada yangu."

"Sema kwa sauti."

"Nimeshasema!"

"Umeninong'oneza mimi. Mimi ni mmoja. Ahadi ya Serikali inataka mashahidi."

"Mashahidi nitawatoa wapi, na kila mtu yuko nyuma ya ukuta?"

Zamoyoni alinyoosha kidole juu. "Wale."

Bwana Senkondo aliinua macho. Pande zote mbili za barabara, ghorofa kwa ghorofa, wananchi wa rangi walikuwa wanamtazama kwa furaha, meno nje. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti. Katika miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kupewa mashahidi wazuri namna hii: wameona kila kitu, na hawatasema kitu.

"Mbele ya wale?"

"Mbele ya wale, Mheshimiwa. Mimi ni mjinga wa sheria. Moyo wangu utaridhika."

Ving'ora vilikuwa kona ya pili. Bwana Senkondo alivuta pumzi, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, pasipo kipaza sauti, akatamka: "Enyi wananchi watukufu wa Barabara ya Mlezi! Mimi Senkondo, Kaimu Mkurugenzi, naahidi mbele yenu kwamba Ijumaa Mbaruku atarudi nyumbani kwake!"

Aligeuka kwa Zamoyoni. "Umeridhika? Sasa ondo—"

Mbaruku wa rangi alikuwa mbele yake, jicho moja likiwa tundu tupu, maana mwenye kutazama humo alikuwa amekaa barabarani. Lakini pembeni yake, nyumba ya pili, mzee wa rangi alipepesa jicho. Bwana Senkondo alifikicha macho yake. Mke wa muuza mikate wa rangi alipepesa. Mtoto wa rangi aliye begani kwa baba yake alipepesa, kisha akabadilisha jicho. Ng'ambo, ghorofa ya juu, ya chini, kushoto, kulia, katika kila uso ambao Jongo aliuchora kwa amri ya Serikali, kulikuwa na jicho moja lililo na unyevu, lililo hai, linalomtazama. Alianza kuwahesabu, akapita saba, akaacha.

Zamoyoni naye alitazama. Aliachama kinywa. Alidhani ni yeye peke yake. Kumbe kila aliyegonga ukutani king'ora kilipolia alidhani ni yeye peke yake, na king'ora kimoja kilikuwa kimeificha mitaa mizima ya nyundo. "Ee Mungu," alisema, na mwamvuli ukamponyoka. "Nilikuomba kuonyeshwa tu. Sikukuomba yote haya."

"Ijumaa saa ngapi, mwanangu?" Sauti ilitoka ng'ambo, nyembamba, kama sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Bwana Senkondo alirudi nyuma hatua moja. "Nani amesema?"

"Ni mimi, Bi Kidawa. Unaniona?"

Aliinua kidole kuelekea ng'ambo, akakishusha. Kama aliwaona, alikuwa shahidi wa barabara nzima ya mashahidi, na Nyumba ya Mapumziko isingewatosha hata wakilala wima. Kama hakuwaona, walikuwa wamekwisha kumsikia.

"Na mume wangu je?" iliita sauti nyingine, ya mke wa muuza mikate. "Yeye aliiona isianguke! Alikuwa upande wenu!"

"Na kaka yangu ambaye hakuona kitu!"

"Saa ngapi, jamani, mbona hasemi?"

"Mwacheni avute pumzi, tai imembana."

Pikipiki ya kwanza ya msafara ilichomoza mwisho wa barabara. Upepo wa kusini, ambao haukuwa umetangazwa, ulipita, ukauchukua mwamvuli wa Mbaruku, ukaubingirisha mpaka miguuni pa Kaimu Mkurugenzi. Barabara nzima iliutazama mwamvuli, kisha ikamtazama yeye.

Bwana Senkondo alitazama kushoto. Alitazama kulia. Polepole, kama mtu anayejifunza, aliinama. Akauokota. Akaufuta kwa mkono wa suti yake nyeusi, akampa Zamoyoni kwa mikono miwili.

"Haukuanguka," alisema kwa mazoea, kisha akasikia alichosema, na mabega yakamshuka. Gari la mgeni lilikuwa linapunguza mwendo, na kioo chake kilikuwa kinashuka, na miwani minene ilikuwa inachungulia. Zamoyoni alisimama pembeni, miguu imetulia kabisa, akasubiri.

Bwana Senkondo aliinua uso kwenye madirisha, akasema kwa sauti iliyofika ghorofa ya juu, na garini, na labda Ikulu:

"Kofia ilianguka. Mbaruku akaiokota, akairudisha. Ijumaa saa nne asubuhi, yeye na wenzake wote waliohifadhiwa watatoka, na mimi mwenyewe nitatembea nao kwa miguu mpaka kwenye baraza hii. Nawaona, mnaniona. Naahidi."